Tairi Aliyoing'ata Adeer Abshir

Nimewahi kumwona mwanaume anayeheshimiwa Isiolo nzima akiweka tairi mdomoni mbele ya watu, akaing'ata, akafumba macho, kisha akasema huo ndio mpira bora kuliko yote aliyowahi kuonja.

Hakulazimishwa na mtu.

Hakujua anang'ata nini. Mimi nilijua, kwa sababu ni mimi niliyeitengeneza.

Mwanaume huyo alikuwa ndugu wa marehemu baba yangu. Kwetu Wasomali ndugu wa baba huitwa adeer, kwa hiyo tulimwita Adeer Abshir. Yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha, na bado namwombea dua. Lakini alichofanya siku hiyo alikifanya.

Ilikuwa mwaka wa themanini na sita. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa shule Merti.

Walioijua Merti ya wakati ule wanajua kwamba hakukuwa na basi. Kulikuwa na malori. Na malori ya njia ile mengi yalikuwa ya Adeer Abshir. Yaliyobaki yalikuwa ya watu waliokunywa chai kwake.

Adeer alisema siendi.

"Merti ni mawe na vumbi," aliniambia. "Wewe hata kuku akichinjwa unalia. Kaa hapa."

"Nimepangiwa huko, Adeer."

"Sema tena, sijasikia."

Sauti yangu ndivyo ilivyokuwa. Chuoni, mkufunzi aliyekuja kunikagua nikifundisha alikuwa anasogeza kiti mpaka mbele ya darasa ili asikie.

"Nimepangiwa huko," nilirudia.

"Ona sasa. Hata wewe mwenyewe hujasikia ulichosema."

Muhula ulikuwa karibu kufunguliwa. Nisiporipoti, nafasi yangu ingepewa mtu mwingine, na nani ajuaye ningepangiwa tena lini. Na hakuna dereva Isiolo ambaye angempakia binti wa marehemu Elmi bila ruhusa ya Abshir. Niliuliza wawili. Wote walicheka kwa heshima.

Hapo ndipo Guleid aliporudi kutoka Jeddah na lori la rimoti.

Guleid ni mtoto wa Adeer. Alikwenda kutafuta kazi Uarabuni, akarudi na miwani ya jua, marashi ya kumfukuza nzi, na lori dogo linalotoshana na paka. Lilikuwa na tairi nne kubwa na antena. Unashika kisanduku mkononi, unasukuma kijiti, lori linakwenda lenyewe.

Isiolo haikuwa imeona kitu kama hicho. Wazee waliozoea kusafirisha ng'ombe mpaka Nairobi walipiga magoti mchangani kulichungulia chini ya tumbo.

Nyuma ya ua wetu, kule Chechelesi, kulikuwa na jiwe kubwa la mviringo ambalo tuliliita Kipara. Guleid akatangaza kwamba lori lake litapanda Kipara mpaka juu.

Halikupanda.

Lilifika katikati, tairi zikazunguka bure, likateremka kinyumenyume, likapinduka magurudumu juu kama kobe. Tairi zake zilikuwa za plastiki ngumu, nyeusi, zinang'aa, zimejaa meno makubwa. Zilitisha kwelikweli. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kutisha.

Basi tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya alasiri, wanaume wa mtaa walikusanyika nyuma ya ua wetu. Wenye malori, madereva, mafundi. Watu waliokula mawe ya njia ya Garbatulla maisha yao yote. Ungedhani hao ndio wanaojua tairi.

Wacha nikuambie walivyochagua tairi.

Wa kwanza alikuwa Lomorukai, Mturkana mrefu aliyeziba pancha pale malori yanapoegeshwa, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Alisema meno hayatoshi. Akapigilia misumari midogo kwenye zile tairi za plastiki, pande zote, mpaka zikafanana na nungunungu.

"Hii itapanda mpaka mbinguni," alisema. "Isalimie Mungu, irudi tunywe chai."

Misumari ilikwaruza jiwe kwa sauti iliyoniuma mpaka kwenye magego. Lori likateleza, likaacha mistari myeupe.

Lomorukai alilitazama jiwe kama limemtukana mama yake.

"Jiwe hili ni bovu," alisema.

Na watu wazima wakatikisa kichwa. Ndiyo, jiwe ni bovu.

Adeer Abshir akacheka kwa dharau. Akaenda sokoni kwa mafundi wa akala, vile viatu vya tairi, akakatiwa tairi nne kutoka kwenye tairi kuukuu ya lori. Mpira mgumu, mzito, wenye nyuzi ndani.

"Tairi ya lori ni tairi ya lori," alisema. "Hii imefika Moyale ikarudi. Inajua njia."

Ati mpira unajua njia.

Lile lori dogo lilivaa hizo tairi kama mtoto aliyevaa buti za babake. Halikufika hata katikati. Injini ililia, Guleid akalia pia, kwa sababu betri zilikuwa zake.

Mwingine akashauri tairi zipakwe grisi. Grisi. Juu ya jiwe. Aliyesema hivyo alikuwa na malori mawili na watu waliomwita mzee.

Mimi niliyaona yote kupitia tundu la bati la ua, nikiwa na Shangazi Halimo, dada yao Adeer na baba, tuliyeishi naye. Wanawake hatukwenda kwenye baraza lile. Shangazi alikuwa anachambua mchele huku mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Wanachagua kwa macho tu, Shangazi," nilimnong'oneza.

"Ulitaka wachague kwa nini? Wangekuwa wanachagua kwa masikio, wewe ungeshaolewa. Husikiki."

Lakini jambo lenyewe lilionekana hata kupitia tundu la msumari. Meno ya tairi ni ya matope, yapate mahali pa kuzama. Jiwe halina mahali pa kuzama. Juu ya jiwe, kinachoshika ni kile laini kinachokubali kulala juu yake.

Nilikuwa nimepanda Kipara tangu utotoni. Nikivaa akala, nilianguka nikachubuka magoti. Nikivaa ndara, hizi za buluu na nyeupe tunazojua wote, nilipanda kama mbuzi.

Na hao hao madereva, wakifika kwenye mawe, hushuka na kupunguza upepo ili tairi zilegee. Walijua. Ila haikuwaingia akilini kwamba kitu kidogo kinafuata sheria ileile ya kitu kikubwa. Na hata ingewaingia, nani angeitamka? Ndara ni kitu cha mlango wa choo. Mtu akikupiga kwa ndara Isiolo, wajukuu wenu watakuja kusuluhishwa.

Siku ile watu walipomcheka Adeer kwa sababu ya akala zake zilizofika Moyale, alisimama akakunja mikono ya kanzu.

"Wallahi," alisema mbele ya wote. "Mtu atakayeleta tairi za kupanda jiwe hili, lori yangu itabeba mzigo wake bure. Mzigo wowote. Mpaka mwisho wa barabara."

Nilishika bati kwa nguvu mpaka likalia. Shangazi akanitazama.

"Una nini?"

"Hakuna."

Asubuhi yake, Adeer alipokwenda kupakia malori, nilikwenda nyuma ya nyumba. Kule kulikuwa na milango miwili, wa choo na wa mahali pa kutawadhia, na jozi mbili za ndara, zote buluu. Moja ilikuwa ya choo, ya kila mtu. Nyingine ilikuwa ya Adeer ya udhu, na hakuna mtu wa nyumba ile ambaye angeigusa.

Nilichukua ya choo. Niliichukua mbiombio, shingo nimeigeuza nyuma nisionekane. Nikaisugua kwa sabuni, nikaisugua tena.

Nilikata kwa wembe, nikifuata mdomo wa kopo la maziwa. Tairi nne za duara. Nikatoboa katikati, zikae kwenye vile vyuma vya magurudumu. Ukizibonyeza kwa kidole gumba zilikuwa zinabonyea, halafu zinarudi polepole, kama maandazi yaliyoumuka vizuri.

Kisha nikazipaka rangi nyeusi ya viatu. Kwa sababu niliwajua watu wangu.

Nilimpelekea Guleid zikiwa zimefungwa kwenye leso.

"Jaribu hizi."

"Umezitoa wapi?"

"Jaribu tu. Zikipanda, useme ni zangu."

"Sawa, zako," alisema, huku anajitazama kwenye kioo cha lori kubwa.

Alasiri ikafika. Guleid akazigandisha kwa ile gundi ya kuziba tyubu, akaliweka lori chini ya Kipara.

Sijui kama umewahi kuona kitu kinachotembea bila haraka. Lori lilianza kupanda polepole. Kila tairi ilipofika kwenye mwinuko ilijikunja kidogo, ikalikumbatia jiwe, ikashika. Hakukuwa na mlio, hakukuwa na mkwaruzo. Lilipita mistari ya misumari ya Lomorukai. Lilipita pale akala zilipokata tamaa. Likafika juu, likasimama.

Wanaume wakapiga kelele.

"Guleid, hizi tairi ni za wapi?"

Nilisubiri jina langu.

"Ni spea," alisema Guleid. "Zilikuja kwenye boksi kutoka Jeddah. Nilikuwa nimezisahau."

Hakumeza hata mate.

Lomorukai akalichukua lori, akainusa tairi moja.

"Inanukia Uarabuni kabisa," alisema. "Mimi nilisema tangu mwanzo, mambo ya meno ni ya washamba."

Lomorukai huyo. Wa misumari.

Ndipo Adeer alipomnyang'anya Lomorukai lori, akaichomoa tairi ile. Ana tabia moja. Tairi kubwa huipiga teke kabla ya kununua, na mpira mdogo huung'ata. Aliweka tairi mdomoni, akang'ata, akafumba macho.

"Huu," alisema, "ni mpira wa ng'ambo. Wa kwetu una uchungu. Huu hauna. Sijawahi kuonja mpira kama huu."

Wakaipokezana. Wengine waliibonyeza, mmoja akaipangusa kwa kanzu yake.

"Aabo, kiapo," Guleid alimwambia baba yake. "Ng'ombe wangu wako Garbatulla. Lori iwafuate Jumatatu."

"Kiapo ni kiapo," alisema Adeer.

Nilimwangalia kupitia lile tundu. Alikuwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Moyo wangu haukutaka kumwaibisha. Jamaa walipomwambia anapoteza mali kusomesha msichana, yeye ndiye aliyewafukuza barazani.

Lakini ng'ombe wa Guleid walikuwa wanapanda lori langu.

Nilifungua mlango wa ua, nikatoka.

Wote waligeuka, kwa sababu hakuna msichana aliyewahi kutoka pale.

"Tairi ni zangu," nilisema.

"Nani ameongea?" mtu aliuliza.

"Mwalimu," alisema Lomorukai. "Mwalimu, ongea kama mtu aliyekula mchana."

"Tairi ni zangu. Nimezikata mimi."

Guleid akacheka. "Wewe? Umezikata kutoka kwa nini?"

"Kwa ndara."

"Ndara gani?" aliuliza Adeer, bado ameshika tairi.

Nilitazama miguu yangu.

"Za choo."

 Adeer aliikwaruza tairi kwa kucha. Rangi ya viatu ikatoka, na chini yake ikaonekana buluu, ile buluu ambayo kila mtu Isiolo anaijua na anajua inakaa wapi. Mkono wake ulikwenda mdomoni wenyewe.

Akatema mate. Akatema tena.

"Mzee," alisema Lomorukai kwa upole mkubwa, "huo mpira wa ng'ambo, ladha yake ulisema ikoje?"

Kuna watu walikwenda nyuma ya jiwe kucheka. Aliyeipangusa kwa kanzu alikuwa anaitazama kanzu.

Uso wa Adeer ulikuwa unatisha, na kilichoniumiza ni kwamba haukuwa na hasira. Ulikuwa na aibu.

"Basi ni najisi," alisema hatimaye. "Na kiapo kilichotimizwa kwa najisi hakishiki. Hakuna lori kwa mtu. Isnino, ingia ndani."

Nikajua Merti imekwisha. Na nilikuwa nimemvua nguo mtu aliyenilea, bure kabisa.

"Najisi iko wapi?"

Alikuwa Shangazi Halimo, amesimama mlangoni na ungo wake wa mchele.

"Halimo, haya si mambo yako."

"Nauliza tu. Ndara za choo nimevaa mimi." Akasogeza mguu mmoja mbele, na kweli, alikuwa amevaa ndara za buluu. "Nimetoka huko sasa hivi. Huyu mtoto anachukua vitu kama mwizi, haangalii. Zilizokatwa ni zako za udhu. Nimezitafuta pale mlangoni tangu asubuhi, hazipo."

 Niliikumbuka shingo yangu iliyogeuka nyuma. Basi nilikosea mlango. Nilikuwa nimekata ndara ambazo hakuna mtu angezigusa.

Lakini Adeer alikuwa ameanza kupumua.

"Za udhu?"

"Za udhu. Kitu kinachooshwa mara tano kwa siku. Kuna kitu kisafi kuliko hicho Isiolo hii?"

Ungemwona alivyonyooka. Aligeuka kwa wale wanaume, akainua ile tairi juu.

"Nilijua," alisema. "Nilipong'ata tu nilijua. Mpira huu una ladha ya maji safi."

Na wakakubali. Wallahi wakakubali, mmoja baada ya mwingine, wakitikisa vichwa vilevile vilivyokubali kwamba jiwe ni bovu. Yule wa kanzu alikubali kuliko wote.

"Kama ni safi," alisema Shangazi, akiutazama mchele wake, "basi kiapo kimeshika."

 Adeer hangeweza kukana kiapo bila kujirudishia najisi mdomoni.

"Mzigo wako ni nini?" aliniuliza.

"Mimi. Na sanduku langu, na kitanda."

"Mtu si mzigo," alisema Guleid haraka.

"Mzee alisema mzigo wowote," alisema Lomorukai. "Na huyu ni mwepesi mpaka sauti. Lori haitamsikia."

Adeer alinitazama.

"Jumatatu, baada ya alfajiri," alisema. "Utakaa mbele na dereva. Ukilia njiani, asikusikie."

Kitu kimoja sikukielewa. Zilikuwa zimebaki siku chache kufika Jumatatu, na tangu jioni ile Adeer ndiye aliyekuwa na haraka kuliko mimi. Alikagua lori mwenyewe. Alilifunga sanduku langu mwenyewe kwa kamba, akamkataza taniboi, yule utingo wa lori, asiliguse. Akamwambia dereva asisimame popote penye watu. Nilidhani bado ananiona mwizi wa ndara zake, na niliondoka Isiolo nimeinamisha kichwa.

Nilifika Merti nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Walinionyesha chumba. Nikafungua sanduku nitafute shuka.

Juu ya nguo zangu kulikuwa na kifurushi ambacho sikukiweka mimi. Kilikuwa kimefungwa kwa macawis kuukuu ya Adeer, ile nguo anayojifunga kiunoni akiwa nyumbani.

Ndani kulikuwa na ndara mbili za buluu, nzima.

Wanaume wa kwetu hutia alama kwenye ndara zao ili zisibadilishwe msikitini. Kwenye hizi, pale kisigino kinapokaa, palikuwa pamechomwa kwa msumari wa moto herufi A.

Nilikaa juu ya kitanda kisicho na godoro.

Sikukosea mlango. Nilikata za choo, kama nilivyokusudia. Shangazi ndiye aliyekwenda kuvaa za Adeer za udhu, akaja kusimama mbele ya wanaume wote akiwa ameikanyaga ile A kwa kisigino chake.

Na Adeer alijua. Jioni ileile, alipokwenda kutawadha kwa sala ya magharibi, alizikuta ndara zake zikimngoja kwenye mlango wa choo, na herufi yake juu. Alijua alichokuwa amekitia mdomoni na kukisifia ladha.  Aliufunga ushahidi kwa macawis yake, akauweka kwenye sanduku la mtu anayekwenda mbali kuliko wote, akaupakia kwenye lori lake mwenyewe.

Mtu mpole atasema alifanya hivyo kwa kunipenda. Mimi ni mpole, lakini nasema ilikuwa aibu. Labda na mapenzi kidogo, pale chini ya kamba.

Ndara nilizivaa mpaka zikaisha. Njia ya kutoka chumbani mpaka darasani ilikuwa mawe matupu, na sikuteleza.

Funzo langu ni dogo. Ukimnunulia mtoto lori la rimoti la kupanda mawe, acha kutazama meno ya tairi. Fumba macho, bonyeza kwa kidole. Isipobonyea, iache dukani.

Na ukitaka ruhusa kwa mwanaume mwenye jina kubwa, usipoteze machozi yako kumwomba huruma. Mpe sababu ya kutaka uondoke mapema.